Kombo au hedi? Kwanza niambie nani atabeba

Wasee, bonasi ya majani imelipwa, na kama unaishi upande wetu unajua maana yake. Mabati yanapakiwa kwa lori, fundi wa nyumba hashiki simu, na bendi changa kama yetu zinaanza kuota vyombo. Sisi tuko wanne. Kila mtu ana kiasi fulani mfukoni, na swali ni moja: tununue amplifaya ya gitaa aina ya kombo, ama tuchange tuchukue hedi na kabineti lake?

Usicheke. Hili swali limegawanya bendi. Jamaa wetu wa ridhim hajaongea na mimi wiki ya pili sasa, na huyo ni mtu tumekula naye ugali sahani moja tangu darasa la sita. Kwa hivyo wacha niweke msimamo wangu hapa wazi, nikiwa nimetulia. Kama bendi yako iko Kericho au Bomet, ni changa, na pesa ni ya kuchanga, nunua kombo. Na inunuliwe na mtu mmoja.

Kwa wale hawajui tofauti, haichukui muda. Sauti ya gitaa la umeme ni ndogo sana ikitoka kwenye nyuzi. Inahitaji kukuzwa, halafu itoke kwa spika. Kombo imeweka kila kitu ndani ya sanduku moja: mitambo ya kukuza iko juu, spika iko chini, unachomeka stima na gitaa, basi. Hedi ni mitambo peke yake. Ukiiwasha bila kabineti la spika huna kitu, na kama ni ya valvu, zile taa za kioo za zamani, unaweza hata kuiunguza. Sauti ikikosa spika ya kwenda, mzigo wote unarudi kwa transfoma ya ndani.

Najua, kwa Kiswahili "kombo" ni kitu kilichopinda, na mambo yakiharibika tunasema yameenda kombo. Na ukisema kombo mjini Kericho mtu anafikiria chipsi na kuku. Vumilieni hilo jina.

Sasa, upande wa hedi una hoja zake na sitajifanya hazipo. Kabineti la spika nne za inchi 12 linasukuma hewa mpaka unasikia kwa kifua. Hedi ikikufa, unabadilisha hedi peke yake na kabineti linabaki. Na mitambo ya kombo inaishi ndani ya sanduku linalotetemeka usiku mzima, kitu ambacho hakuna mtambo unapenda. Halafu kuna sura. Mimi natengeneza video, kwa hivyo naelewa sura kuliko mtu yeyote kwenye bendi. Ukuta wa spika nyuma yako unafanya mtu aache kusogeza kidole kwenye simu. Kwa kusema ukweli, hedi ikinunuliwa, mimi ndiye ningefaidi wa kwanza.

Na bado nakataa.

Uzito

Kabineti la Marshall la spika nne, lile la kawaida linaloitwa 1960A, lina kilo 36 hivi. Ongeza hedi ya valvu ya wati 100, kilo 20 hivi nyingine. Jumla umepita mfuko mzima wa simiti. Sasa nichoree hiyo safari. Koito iko Silibwet, sisi tuko karibu na Litein, na gari tunalopata ni Probox ambayo tayari ina watu kuliko viti. Ama ni boda, na barabara ya ndani imelowa kwa sababu huku mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Kabineti halikai kwa boda. Ukijaribu, unahitaji boda ya pili ya mtu wa kulishikilia, na mshahara wa usiku umeisha kabla hujapiga noti.

Kombo ya spika moja ya inchi 12, kama Boss Katana ya wati 50, ina kilo karibu 12. Unaifunika na nailoni, unaipakata mbele ya miguu kwa Probox, unafika.

Si kombo zote ni nyepesi, usidanganywe. Fender Twin Reverb ni kombo na inakaribia kilo 30. Roland JC-120 iliyotoka mwaka wa 1975 ni kombo pia, na iko hapo hapo. Kwa hivyo ukiambiwa kombo, uliza kilo ngapi. Na kinyume chake, kuna hedi ndogo kama Orange Micro Terror, wati 20, ambayo haifiki hata kilo moja. Inaingia kwa begi la shule. Nitairudia hiyo hedi, kwa sababu kuna mahali inanishinda.

Kelele

Jamaa wa ridhim anasema: "Buda, wati 50 ni za chumbani. Tukipigia uwanja tutasikika kama redio."

Hii hesabu ya wati inadanganya watu wengi. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kitu sikio linasikia kama nyongeza kidogo. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili," unahitaji wati mara kumi hivi. Yaani amplifaya ya wati 100 ina kelele kama mara mbili ya ile ya wati 10, si mara kumi. Hapo kati ya 50 na 100 tunagombania kitu ambacho mzee aliyekaa karibu na sufuria ya nyama hatakitambua.

Halafu uliza hayo makabati makubwa yalitoka wapi. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo London, akaanza kuuza hedi yake ya kwanza, JTM45, mwaka wa 1962. Kufika 1965, Pete Townshend wa The Who alitaka kelele zaidi. Wakati huo mitambo ya ukumbi ilikuwa dhaifu na kazi yake kubwa ilikuwa sauti za waimbaji. Gitaa lilitakiwa kufikia watu wa nyuma lenyewe. Marshall akamtengenezea hedi ya wati 100, na kabineti moja la spika nane. Unajua nini kilifanyika? Wabebaji walilalamika. Likakatwa mara mbili, likawa makabati mawili ya spika nne nne, moja juu ya lingine. Ule mnara tunaoupenda kwa picha ulipata umbo lake kwa sababu ya migongo ya watu waliobeba. Na hao walikuwa wanalipwa kubeba, na lori walikuwa nalo!

Leo hakuna mtu anategemea amplifaya ya gitaa kufikia uwanja mzima. Unaweka maikrofoni mbele ya spika, inaenda kwa mitambo mikubwa, basi. Shure SM57, maikrofoni ambayo utaiona mbele ya amplifaya karibu kila mahali duniani, nayo ilitoka 1965. Koito yoyote yenye tenti na mtu wa mitambo ina maikrofoni ya ziada. Unaomba kwa heshima, unapewa. Kuna bendi kubwa za ng'ambo zinazopanga makabati matupu jukwaani kwa ajili ya macho, huku sauti yote inatoka kwa sanduku moja lililofichwa nyuma.

Na muziki wetu wenyewe unataka nini? Benga ya huku haihitaji gitaa linalonguruma. Inahitaji noti safi, kali, zinazokimbizana, kila moja isikike imesimama peke yake. JC-120 ilipata jina kwa usafi huo. Twin pia. Zote kombo.

Stima

Hapa sitaongea sana kwa sababu nyote mnaishi huku. Stima inapotea, inarudi na nguvu ya ajabu, inapotea tena. Kwenye sherehe ni jenereta, na jenereta ya kukodisha ina hasira zake. Mambo mawili tu.

Kwanza, amplifaya za mitumba kutoka Marekani nyingi zimetengenezewa volti 120. Zetu ni 240. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, umenunua moshi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa, na usikubali kuambiwa "itafanya tu."

Pili, kuna kombo zinazokubali betri. Roland Cube Street EX inatumia betri 8 za AA, zile za rimoti, na inatoa wati 50. Kanisani stima ikipotea katikati ya sifa, wewe bado unapiga. Hedi ya valvu na kabineti lake itabaki hapo kimya kama kabati la nguo.

Vyombo ni vya nani

Sasa nimefika kwa sababu yenyewe. Hizo zingine tungeweza kubishana mpaka asubuhi tukicheka. Hii ndiyo ilifanya jamaa wangu anyamaze.

Mpango wake ulikuwa hivi: kila mtu atoe 20,000, tupate 80,000, tununue hedi na kabineti "za bendi." Nikauliza swali moja. Bendi ikivunjika, kabineti linaenda kwa nani? Akaniangalia kama nimetaja matanga kwenye harusi.

Lakini bendi huvunjika. Simba Wanyika ilikuwa bendi kubwa Kenya hii, na mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wake waliondoka wakaunda Les Wanyika. Tulipata muziki mtamu kutoka pande zote mbili, kwa hivyo kuvunjika si kifo. Swali ni unaondoka na nini mkononi.

Katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki, mara nyingi mpigaji ameondoka mikono mitupu, kwa sababu vyombo havikuwa vyake. Vilikuwa vya mwenye baa, vya mwenye hoteli, vya shirika. Tanzania, NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, mshahara upo, vyombo vipo, lakini chama ndicho mwenyewe. Ukipewa kazi ni baraka. Ukitaka kwenda njia yako, gitaa unaliacha ukutani. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo kuna vijana wazuri sana huku wanaopiga kwa vyombo vya mtu mwingine na hawawezi kuuliza bei ya usiku ilikuwa ngapi.

Linganisha na walivyofanya wazee wetu kabla ya stima. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Jina lilitokana na Jimmie Rodgers, mpiga gitaa Mmarekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika mpaka huku. Chombo kilichowasindikiza kilikuwa chepkong'o, nyuzi na sanduku la sauti pamoja. Mwenye chepkong'o alibeba chombo chake chote mkononi, akaenda alikoitwa. Ukiniuliza, hiyo ndiyo ilikuwa kombo.

Na usifikirie Kericho ni pembeni mwa haya mambo. Miaka ya sabini, wapiga benga walikuwa wanakuja hapa mjini kurekodi kwa Chandarana, duka la muziki lililokuwa pia na lebo yake ya sahani. Mji wetu ulitoa muziki uliozunguka Kenya. Mimi nataka kuwa kwenye huo mstari, na nataka niwe na chombo ambacho nikiitwa kesho asubuhi Sotik, sihitaji saini ya watu watatu kukichukua.

Hapa ndipo inakuwa yangu binafsi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu siku hiyo kila kitu ninachonunua kinapigiwa hesabu na ukoo mzima. Simu mpya: "Hiyo ndiyo digrii?" Taa ya kurekodia video: "Hiyo nayo inalipa?" Mama ana kashamba kadogo, anaamka saa kumi na moja kuchuma majani na mgongo wake si wa jana. Hajaniomba kitu. Nilipomwambia tunataka kuchanga 80,000 za amplifaya, alimenya viazi vitatu kabla ya kujibu.

"Na hiyo kitu italala wapi?"

"Kwao jamaa wa ridhim, Mama. Wana stoo."

"Kwa hivyo ukitaka kufanya kazi saa tatu usiku, unaenda kubisha kwa watu?"

Yeye hajui wati wala omu. Lakini miaka yote amepeleka majani yake mwenyewe kwa mizani, na anajua tofauti ya kuwa na shamba na kuwa na sehemu ya shamba la jamaa.

Mahali hedi inanishinda

Nilisema nitairudia ile hedi ya begi. Kama kanisa lenu tayari lina kabineti zuri, ama ukumbi mnaopigia kila wiki una moja limekaa kwa kona, basi hedi ndogo ni akili kuliko kombo. Unabeba mitambo yako, unaacha uzito ukiwa wa mwenye nyumba. Ila angalia mambo mawili. Omu za kabineti zilingane na zilizoandikwa nyuma ya hedi. Kwa hedi isiyo ya valvu, usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa. Na utumie waya wa spika, si waya wa gitaa. Zinafanana kwa macho, lakini ule wa gitaa ni mwembamba ndani na haukutengenezewa huo mzigo.

Hata hapo kanuni haibadiliki: hedi ni yako, jina lako, begi lako.

Na mtu wa besi, usiingie kombo ya gitaa. Noti za chini zitapasua spika. Tafuta ya besi.

Tulipofikia

Tulikaa Jumapili baada ya ibada, nyuma ya duka moja, chai nne na mandazi. Hatukupiga kura. Mpiga ngoma alisema kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amefikiria: yeye ngoma zake amenunua peke yake, na hajawahi kuombwa achangiwe. Kimya kidogo. Tukakubaliana kila mtu anunue chombo chake, na pesa ya pamoja iwe ya vitu vinavyoisha: usafiri, waya, betri, chakula. Tukaandika kwa daftari, jina mbele ya kila chombo. Jamaa wa ridhim alitia saini bila kuniangalia. Bado namheshimu, na akinunua hedi yake mwenyewe nitasaidia kubeba kabineti mpaka barabarani.

Mimi naenda kutafuta kombo wiki ijayo, na kama wewe pia unatafuta, hivi ndivyo nitafanya. Nitaenda na gitaa langu mwenyewe, si la dukani. Nitasoma volti nyuma. Nitaongeza sauti mpaka kiwango cha sherehe, kwa sababu kila amplifaya ni tamu ikiwa chini. Nitarudi nyuma hatua kumi nisikilize. Nitaiweka juu ya kreti ya soda, kwa sababu spika ya inchi 12 inarusha sauti kali moja kwa moja mbele, na ikiwa sakafuni inapigia magoti yako huku masikio yanadanganywa.

Halafu nitamwomba muuzaji ruhusa niibebe kutoka dukani mpaka stage ya Probox na kurudi. Mkono mmoja, gitaa mgongoni. Nikifika bila kupumzika, tunaongea bei.